Nilipokuambia Uandike "Hakuna"

Salha mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi, kwa hiyo hapa sizipotezei wino. Umetoka asubuhi kwenda Mwera kumuaga baba yako, na Mwera naijua, haimwachii mtu aondoke kabla hajala mara mbili. Basi nina mchana mzima. Nimekomea mlango wa mbele, jirani akibisha hodi atadhani nimelala. Sijaandika barua miaka mingi na mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita kwenye unga. Ustahamili.

Ya chandarua, ya kutoazimisha sufuria, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, yote nimekwisha kukuambia tangu ulipopangiwa kazi ya ualimu, mpaka juzi ukanijibu, "Mama, Kondoa si mwezini." Sirudii. Ninalotaka kukuambia ni jingine, na ningelisema kwa mdomo kama ningekuwa na huo mdomo. Mtaa mzima wa Ngamiani unajua Bi Rukia ana ulimi. Kumbe ulimi wa kuwasema watu ni mwingine, na wa kujisema mwenyewe ni mwingine.

Unaikumbuka Jumanne iliyopita, ulipokuwa unajaza fomu ya afya ya ajira hapa mezani? Ulikuwa unasoma maswali kwa sauti, unafanya mzaha, ati wanataka mwalimu au wanataka ng'ombe wa maonyesho. Ukafika penye swali linalouliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua saratani. Ukanitazama tu kwa mazoea, kalamu iko tayari. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikakuambia, "Andika hakuna." Ukaandika hakuna, ukaendelea na swali la kifafa.

Ule ulikuwa uongo, Salha. Mama yako mzazi, mdogo wangu Mwanaidi, hakufa kwa tumbo kama nilivyokuambia tangu ulipoanza kuuliza. Alikufa kwa saratani ya ziwa, ana miaka thelathini na minne. Na mimi mama yako mkubwa niliyekulea, mwaka juzi sikwenda Dar kutolewa mtoto wa jicho. Nilikwenda kwa ugonjwa huohuo. Mimi nimetibiwa, niko hapa nakula pilau na kugombana na watu. Yeye alicheleweshwa matibabu mpaka yakawa hayamfai kitu, na aliyemchelewesha ni mimi.

Nimelisema. Sasa kaa chini, usome mengine taratibu.

Mwanaidi alikuja kwangu kutoka Mwera mimba ina miezi minane. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo ilikuwa lazima ajifungulie hapa. Ukazaliwa, tukaingia arobaini. Uji wa pilipili manga, maji ya moto ya majani asubuhi na jioni, mzazi hatoki nje, mwanamume hapiti ovyo. Mwenye amri ya nyumba siku hizo ni yule anayemuuguza mzazi, na mwenye amri nilikuwa mimi. Niliipenda amri ile, nisikufiche. Nilikuwa natembea na ufunguo kiunoni kama liwali.

Siku kama ya ishirini hivi akaniita. "Dada, hapa pana kitu." Upande wa kushoto, karibu na kwapa. Nikagusa. Kigumu, kama kokwa ya zambarau, hakisogei. Nikamwuliza kinauma? Akasema hakiumi. Nikacheka, nikamwambia, "Maziwa yameganda hayo. Wewe ndiyo kwanza unazaa, utajua lini?"

Na ziwa lililoganda kwetu lina dawa yake. Nilipasha chanuo la mti juu ya makaa, nikawa namchana ziwa kutoka juu kuja chini, asubuhi na jioni, kama nilivyomwona mama akiwafanyia wazazi wengine. Alikuwa anauma ncha ya kanga ili asilie akakuamsha. Siku zikapita, uvimbe uko palepale. Nikaongeza makaa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ukipenda liite ujinga, maana sikujua. La pili lina jina baya zaidi.

Tulikupeleka kliniki kuchanjwa. Nesi, msichana mdogo mwembamba, akamwona Mwanaidi anavyokupakata, umeegemezwa upande mmoja tu. Akamwingiza chumbani, akampapasa. Akatoka, akasema, "Huyu aende hospitali kubwa wiki hii hii." Mwanaidi alifungua mdomo kujibu. Mimi nikamwahi. Nikasema, "Atakwenda akimaliza kunyonyesha."

Kwetu ilikuwa inasemwa kwamba ziwa lenye maziwa halitiwi kisu, maziwa yataharibika na mtoto atadhurika. Nani alisema, sijui. Nililikuta linasemwa, nami nikalisema. Nesi akashikilia palepale, akaniambia mama, hili si la kungoja. Nikamwuliza, "Wewe umezaa wangapi?" Alikuwa hajazaa. Wanawake wa kwenye benchi wakaangua kicheko, nami nikaondoka pale nimeinua shingo, nimeshinda. Sura ya yule nesi ninayo mpaka leo. Ningemwona njiani ningemshika miguu.

Nawe ulikuwa mnyonyaji, mashallah. Ukanyonya mwaka mzima, ukaongeza na miezi, na muda wote huo nilimweka mama yako hapahapa kwangu. Mwanaidi akakonda, nikasema ni kunyonyesha. Mkono ukavimba, nikasema amelalia vibaya.

Sasa nikufikishe kwa baba yako, maana hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Baba yako alikuja kutoka Mwera kwa baiskeli, akafika hapa jua limekwisha kuwa kali, kanzu imemganda mgongoni. Akasimama kibarazani. "Shemeji, nimekuja kumchukua mke wangu. Nampeleka hospitali." Nikamzibia mlango. Nikamwambia haya ni mambo ya ndani ya wanawake, mwanamume hayamhusu, na kama anataka mkewe akavuliwe nguo mbele ya madaktari wanaume, basi asimame kwanza hapo kibarazani awatangazie watu. Unamjua baba yako, mtu mpole. Alivua kofia, akaivaa tena, akapanda baiskeli yake akarudi. Akaja mara ya pili, nikamrudisha. Mara ya tatu ziwa lilikuwa limepasuka kidonda, nikampisha. Alimbeba mwenyewe.

Daktari alisema maradhi yamekwisha kufika kwenye uti wa mgongo na ini. Mwanaidi alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mwaka uliofuata tukamzika, wewe una miaka miwili, umevaa gauni la njano, unawaomba watu maji.

Ulipokuwa kidato cha pili ulimwuliza baba yako mbele yangu, kwa hasira, "Mama alipokuwa anaumwa wewe ulikuwa wapi?" Akanitazama mimi kwanza. Kisha akakujibu, "Nilikuwa shamba, mwanangu." Ukamnunia miezi. Ulikuwa ukipelekwa Mwera unakwenda na midomo mirefu kama samaki chuchunge. Mimi nilikuwa nayaona yote, na nikanyamaza. Baadaye nilimfuata, nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Mtoto kabakiwa na mama mmoja. Nikimharibia na huyo, atabaki na nani?"

Nimeishi na jibu hilo miaka kumi. Leo uko kwake, umekaa kwenye mkeka wake, na bado hujui. Ukiisoma barua hii nenda ukampigie simu. Usimwambie kitu kirefu. Mwambie tu umejua alikuwa wapi.

Labda unajiuliza mtu anaficha vipi jambo kubwa namna hii miaka yote hii. Kwa kazi yangu mimi ni rahisi. Mimi ni mwosha, kama mama yangu alivyokuwa, na wewe umekua unaniona nikiitwa wakati wowote nichukue mfuko wangu niende. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Ukiona jeraha, ukiona kilema, unakizika pamoja naye. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo dini inavyotaka. Nilipomwosha Mwanaidi niliwatoa watu wote chumbani, nikabaki na mmoja wa kunimiminia maji, tena nikamgeuza atazame ukutani. Kidonda nilikiziba kwa pamba na kafuri. Nilipotoka wanawake wakaniuliza, nikasema tumbo. Nilijiambia natimiza amana ya maiti. Uongo mtupu. Aibu niliyoifunika siku ile ilikuwa yangu mimi.

Tangu hapo nimeosha wengi, Ngamiani, Chumbageni, hadi huko mashambani. Huwezi kuamini niliyoyakuta. Wanawake wamejifunga vifua kwa vipande vya kanga, safu juu ya safu, wametia udi na marashi ili harufu isisikike. Mume hajui. Binti hajui. Anajua yeye, na sasa najua mimi. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa kifo kiliwaumbua kwangu peke yangu, nami nikafunga mdomo nikaenda kwa mwingine.

Mwaka juzi, wewe uko chuoni, naoga nikagusa upande wa kulia. Nikajua palepale. Mikono hii imegusa vitu kama hivyo mara nyingi, haihitaji kuambiwa. Utadhani nilikimbilia hospitali, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, niliyekwisha kuona yote yale. Nilikaa wiki tano. Nikajifunga kanga kifuani kama wale wale niliokuwa nawafungua. Nikajifukiza udi, na wala harufu yoyote haikuwepo. Woga hauna akili, mwanangu, na kujua peke yake hakumwondolei mtu woga.

Katika wiki hizo nikaitwa Chumbageni. Mwanamke wa makamo, hata arobaini na tano hajafika. Nikaosha, nikaona, nikafunika. Nje nikamkuta binti yake mkubwa, wa umri wako, kasimama mlangoni. Akaniambia, "Shikamoo bibi. Mama alikuwa na nini? Tuambie, tuko wasichana watatu." Nikamjibu kama ninavyowajibu wote. "Muombee dua." Hakuondoka mlangoni. Alinitazama tu, mpaka nikalazimika kupita pembeni yake kwa ubavu.

Nilirudi kwa miguu, sikutaka kupanda kitu. Njia nzima nikawa nakuona wewe mlangoni, unamwuliza mwosha mwingine habari zangu, naye anakuambia muombee dua. Asubuhi yake nikaenda hospitali ya mkoa, sikumwambia mtu.

Daktari alikuwa binti wa Kisambaa, labda amekuzidi wewe miaka mitano. Alinipapasa, akatafuta maneno. Nikamwambia, "Sema tu mwanangu. Mimi huosha maiti, hutanitisha." Akacheka. "Basi mama hapa umekosea mlango," akasema, "sisi tunashughulika na walio hai." Nikampenda saa ileile.

Walichukua kinyama kidogo kwa sindano, kikapelekwa kupimwa, nami nikapelekwa Dar. Nikakuambia macho. Na huko, Salha, ndiko nilikojua kwamba ninayoyajua mimi ni ya upande mmoja tu, upande wa walioshindwa. Mimi nilidhani saratani ni moja, ikikushika imekushika. Wakaniambia sivyo. Siku hizi wanaikagua kila moja kujua inalishwa na nini. Yangu ilikuwa inalishwa na homoni za mwili wangu mwenyewe, kwa hiyo iko dawa ya kuinyima chakula, kidonge kimoja kila siku kwa miaka. Mwenzangu wa kitanda cha pili yake ilikuwa na alama fulani, na imetengenezwa sindano inayoitafuta alama hiyo hiyo. Tulikuwa wawili, chumba kimoja, ugonjwa jina moja, na dawa mbalimbali. Zamani tungepewa jungu moja sote.

Na ziwa hawakuliondoa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuagana nalo, nimelisemesha usiku kama mwendawazimu. Wakatoa uvimbe na nyama kidogo ya pembeni, wakaangalia tezi za kwapani, basi. Kumbe wengine hulazimika kutolewa lote, na wengine si lazima, inategemea limekutwa mapema kiasi gani. Nimebaki na kovu la urefu wa kidole. Nilipoliona mara ya kwanza nililia, na sikulia kwa ajili yangu. Nilifikiri, kumbe hili ndilo nililokuwa namwogopeshea Mwanaidi?

Sitakuambia ilikuwa rahisi. Dawa za dripu zilinitapisha mpaka nyongo, kucha zikawa nyeusi, chai ikawa na ladha ya msumari. Nywele zikanyonyoka zote. Ulipokuja likizo ukanicheka, ukasema, "Mama siku hizi umekuwa ustadhati, mtandio mpaka jikoni." Chini ya mtandio ule kulikuwa na kipara kinang'aa. Kisha mionzi, siku baada ya siku, wiki kadhaa. Kwenye benchi la mionzi tulikuwa tunashindana nani kipara chake kizuri. Wako niliowaacha pale ambao hawakupona. Sitaki kukudanganya tena, hata kwa kukufariji. Lakini wengi tuliofika mapema tunapigiana simu mpaka leo, na mwezi uliopita nilipokwenda kukaguliwa sikuonekana na kitu. Vile vidonge vya juu ya kabati ninavyoviita vya presha ndivyo hivyo. Presha sina.

Sasa lako wewe. Kule Dar pia waliniuliza habari za ukoo. Nikajibu hakuna. Ulimi ulikuwa umekwisha kuzoea. Ilikuwa mpaka nimemaliza mionzi, mwaka jana, niko kwa yule daktari wangu hapa Tanga, ndipo nikamwambia habari za Mwanaidi. Akaweka kalamu chini. Akauliza alikuwa na umri gani ugonjwa ulipoonekana. Nikamwambia. Akauliza, "Aliacha mtoto?" Nikasema aliacha binti, ni wangu.

Akanieleza taratibu, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Wanawake wengi wanaougua hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua, kwa hiyo isidhaniwe ni laana ya nyumba fulani. Lakini mama akiugua kijana kiasi kile, na dada yake naye akaja kuugua, hapo wanataka kujua kama liko jambo linalorithiwa katika damu. Na binti wa mama huyo hangojwi awe mtu mzima. Anaanza kukaguliwa miaka kumi kabla ya umri ambao mama yake alionekana anaumwa. Mwanaidi alikuwa na thelathini na mitatu. Toa kumi. Nilihesabu kwa vidole mbele ya daktari, nikarudia mara ya pili. Ulikuwa unatimiza ishirini na mitatu mwezi ule ule.

Sasa una ishirini na minne. Mwaka mzima nimekukalia nao kimya. Nilikuwa naogopa utauliza, na ukiuliza itabidi niseme, na nikisema utanichukia. Hapana sababu nyingine. Nilimchelewesha mama yako, nikaanza kukuchelewesha na wewe, kwa mdomo huu huu, na Jumanne nikakuambia andika hakuna. Usiku ule nililala macho wazi. Nilijiona niko kliniki tena, namwahi Mwanaidi kujibu.

Na udhuru niliokuwa nao mmoja, ile amana ya mwosha, ulikwisha kuniondokea miezi kadhaa nyuma, nilipokwenda kumwuliza shehe. Nikamweleza kila kitu. Akaniuliza, "Bi Rukia, ugonjwa ni aibu?" Nikasema hapana. "Basi ulikuwa unasitiri nini?" Akaniambia niwaambie wanaohusika, kwa siri na kwa adabu, maana haki ya aliye hai nayo ni amana. Nikaanzia Chumbageni, kwa kuwa kwa watu baki ni rahisi kuliko kwako. Yule binti alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Ahsante bibi, ila ulitutesa." Nikamwambia najua. Wamekwenda kupimwa wote watatu. Wa katikati alikutwa na kijivimbe, kikatolewa, majibu yakaja si kitu kibaya. Nilicheza peke yangu jikoni.

Kwa hiyo, nisikilize. Fomu ile iombe ukifika ofisini, uwaambie ulikosea. Andika: mama mzazi, saratani ya ziwa, miaka thelathini na mitatu. Mama mkubwa, saratani ya ziwa, miaka hamsini na sita. Usione haya kuiandika. Daktari amekuandikia barua ya kwenda nayo hospitali ya Dodoma, nimeitia kwenye begi lako dogo ndani ya msahafu. Kwa umri wako hawatakubana kwa ile mashine ya picha, wanasema ziwa la kijana halionyeshi vizuri. Wataanza na kipimo cha mawimbi, kama kile cha wajawazito, hakiumi. Wakiona haja ya kingine watakueleza.

Mimi nimetoa damu mwezi uliopita, iangaliwe kama ninayo hiyo kasoro ya kurithi. Huanza na aliyekwisha kuugua. Kipimo hiki bado hakijaenea kila mahali na majibu yake huchukua muda, tunangoja. Ikiwa sinayo, tutapumua kidogo. Ikiwa ninayo, utachagua mwenyewe kama nawe unataka kupima, hapana wa kukulazimisha. Na ukiwa nayo, bado hujahukumiwa. Utakuwa mtu anayekaguliwa kwa wakati wake, basi, na akionekana na kitu anakutwa nacho kikiwa kidogo. Daktari ananiambia kila mwaka dawa mpya zinaongezeka, za leo hazikuwepo Mwanaidi alipokufa. Huwa nafikiri angeugua leo, na Mungu akampa dada mwenye akili, pengine saa hizi yuko Mwera, anakupakulia samaki wa kupaka na kukuambia umekonda.

Sikuandikii haya uogope. Nenda kafundishe, olewa ukitaka, zaa ukijaaliwa. Neno moja tu nakusihi, na nalisema kwa kuwa mimi ndiye niliyekosea. Ukiulizwa habari za mwili wako, jibu mwenyewe. Asikuwahi mtu kujibu. Hata akikupenda. Mimi nilimpenda Mwanaidi kuliko nafsi yangu.

Adhuhuri imepita zamani, alasiri nayo inaingia, na wewe hutakawia. Barua nitakupa ukishaoga na kula. Utasoma chumbani kwako, nami sitabisha hodi, sitakuuliza kitu. Kama hutaki kunisemesha jioni hii, usinisemeshe. Nitakuwa kimya, na unajua ninavyoumia kukaa kimya.

Lakini kesho asubuhi, kabla hatujaenda Kange kwenye basi, nitakuwa bafuni na mlango sitaufunga. Najua si adabu zetu. Njoo na kopo, unimwagie maji. Kwetu mama akifa binti yake humwosha, na siku hiyo ikifika, kovu hili utaliona upende usipende, na mimi sitakuwa na mdomo wa kukueleza. Sitaki ulijue siku hiyo. Nataka uliguse kesho, maji ya moto, mimi ninalalamika unanitia sabuni machoni. Ukishaligusa, kama moyo wako bado unakubali, niite mama.

Rukia